Ukurasa wa saba

Bahasha

Januari hapa Fargo, North Dakota, ni mwezi wa barafu na wa W-2, ile karatasi ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi ya mwaka. Watu wanakuja jioni baada ya zamu, wanavua mabuti mlangoni, wanakaa jikoni kwangu na mafaili yao, nami nawajazia fomu za kodi. Kwa hiyo alipoingia mama mmoja wa Uvira, ninayemfahamu tangu alipofika mji huu, akaweka bahasha mezani, nilishika kalamu nikamuuliza kama kuna mtoto aliyetimiza miaka 17.

"Si ya kodi hiyo, kaka. Soma kwanza."

Ilikuwa barua ya wakili, kurasa mbili, kwa niaba ya kampuni ya Moorhead, Minnesota, ng'ambo ya mto, iliyokuwa imemwajiri kutunza wazee majumbani. Aliacha kazi pale Desemba. Alikuwa amepata nyingine upande wetu wa mto, mshahara umeongezeka dola 3 kwa saa, zamu za mchana, aanze Jumatatu inayofuata. Barua ilisema haiwezekani. Alisaini mkataba, na ukurasa wa 7 wa mkataba huo unamkataza kwa miezi 12 kufanya kazi inayofanana na ile, kwa kampuni yoyote, ndani ya kaunti za Clay na Cass. Akikaidi atapelekwa mahakamani, na gharama za mawakili zitamwangukia yeye.

Clay ndiyo Moorhead. Cass ndiyo Fargo. Ukiziondoa hizo, kinachobaki ni mashamba ya bitiruti za sukari na upepo.

"Umeshaianza hiyo kazi mpya?"

"Nimewaambia wanisubiri kidogo."

Hilo neno la kusubiri ndilo limenikera wiki zote hizi, kuliko hata barua yenyewe.

Siri gani?

Hoja ya waajiri naijua, na si ya kupuuza. Wanasema kifungu cha kutoshindana kinalinda siri za biashara: bei, wateja, namna ya kutengeneza kitu fulani. Mhandisi akihama na michoro kichwani, mwenye kampuni ana haki ya kukosa usingizi.

Nikamuuliza Mama yeye amehama na siri gani.

Alifikiri kweli, hakucheka. Akasema anajua bibi mmoja hamezi dawa mpaka zisagwe ndani ya tofaa lililopondwa, na mzee mwingine, mkulima mstaafu, hakubali kuogeshwa mpaka redio imalize kusoma bei za mazao. Ni hizo tu.

Jambo hili lilipata umaarufu mwaka 2014, pale ilipojulikana kwamba mikataba ya Jimmy John's, wale wauza sandwichi, iliwakataza hata wakata mikate kufanya kazi kwa mshindani aliye karibu na tawi lao lolote kwa miaka 2. Mwanasheria Mkuu wa Illinois aliwashtaki mwaka 2016, wakakubali kulipa dola 100,000 na kuacha. Watu walicheka sana. Lakini Tume ya Biashara ya Shirikisho, ile FTC, ilikadiria kwamba Wamarekani wapatao milioni 30 wamefungwa na katazo la namna hiyo, karibu mtu 1 kati ya kila wafanyakazi 5. Wengi wao hawakai kwenye maabara wakibuni dawa.

Wengine wanaogesha wazee.

Daraja moja, sheria mbili

Nilipoanza kusoma kuhusu hili nilidhani nitapata jibu moja. Hii ni Marekani, nchi moja, na mto Red hapa katikati unavukwa kwa gari kabla wimbo mmoja redioni haujaisha. Nikakuta sheria inabadilika katikati ya daraja.

Upande wa North Dakota, katazo hili ni batili, na lilikuwa batili hata kabla jimbo lenyewe halijazaliwa. Kifungu kinasema kwa sentensi moja kwamba mkataba unaomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali ni batili kwa kiasi hicho. Kimeachia milango miwili tu: anayeuza biashara yake na jina lake anaweza kuahidi kutofungua nyingine jirani, na washirika wanaotengana wanaweza kugawana eneo.

Upande wa Minnesota, mpaka juzijuzi, mahakama zilikuwa zikiuliza kama katazo ni la haki au limepita kiasi: miezi mingapi, eneo gani, kwa sababu gani. Halafu Bunge lao likapitisha sheria mpya, na tangu tarehe 1 Julai 2023 mkataba wowote wa ajira unaosainiwa na katazo la kushindana ndani yake, katazo hilo halina nguvu. Mkataba wenyewe unabaki, kipande hicho kinaanguka.

Unaosainiwa kuanzia siku hiyo. Si kabla.

Mama alisaini Machi 2022.

Binti wa dada yake aliajiriwa na kampuni hiyohiyo Septemba 2023. Nilimwomba anitumie mkataba wake nikaiweka miwili sambamba kwenye skrini. Nembo ileile, kurasa 11 zilezile, ukurasa wa 7 neno kwa neno, hata nafasi ya ziada kabla ya neno la mwisho la aya ya pili ipo. Kwa Mama, karatasi hiyo bado ina pumzi. Kwa binti, imekufa tangu siku aliyoisaini. Na kampuni haikujisumbua kuifuta, kwa kuwa kuiacha hakuwagharimu hata senti.

Hapo ndipo niliposhuku kwamba nilikuwa natafuta jibu mahali pasipo.

Alisaini lini hasa?

Tukapata nafasi kwa wakili wa msaada wa kisheria, kijana mmoja mpole mwenye kahawa iliyopoa. Mimi nilikuwa nimejiandaa na hoja ya daraja: Mama anaishi Fargo, kazi mpya iko Fargo, basi sheria ya Fargo ndiyo itumike. Mkataba wenyewe ulisema tofauti, ulisema sheria ni ya Minnesota na mahakama ni ya Kaunti ya Clay. Wakili akasema hoja yangu si mbaya. Mahakama ya Juu ya North Dakota iliamua mwaka 2017, katika kesi ya mfanyakazi wa Fargo na kampuni ya South Dakota, kwamba huwezi kulikwepa katazo la hapa kwa kuandika kwenye karatasi kwamba kesi itasikilizwa jimbo jingine. Tatizo ni kama kampuni itawahi kufungua kesi Moorhead. Jaji wa kule naye ana sheria zake.

Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Alianza kazi kabla ya kusaini, au alisaini kabla ya kuanza?"

Mama akasema hakumbuki. Alikumbuka tu kwamba alitumiwa kiungo kwenye simu, akasaini kwa kidole akiwa kwenye basi, kwa sababu mpanga zamu alimwambia asiposaini hataonekana kwenye ratiba ya wiki inayofuata.

Ratiba ya wiki inayofuata! Maana yake kulikuwa na wiki iliyotangulia.

Faida ya kujaza kodi za watu ni kwamba hutupi karatasi. Nilirudi nyumbani nikafungua faili lake la 2022. Stabu ya kwanza ya mshahara ilionyesha kipindi kilichoishia tarehe 12 Machi, saa 31 na nusu, zimelipwa. Mkataba ulikuwa na mstari wa maandishi madogo chini kabisa, ule ambao programu za saini huuweka zenyewe bila mtu kuuona: tarehe 22 Machi, saa 3 na dakika 47 usiku.

Alikuwa ameshafanya kazi siku kadhaa kabla ya kuahidi chochote.

Minnesota, tangu kesi ya mwaka 1982 ya kampuni moja ya kutafutia watu kazi, ina msimamo juu ya hili. Katazo la kushindana likiwekwa mwanzoni, kama sehemu ya mapatano ya kuajiriwa, kazi yenyewe inahesabika kuwa malipo ya ahadi. Likiletwa baadaye, mtu ameshaingia, mwajiri lazima aongeze kitu: pesa, cheo, chochote chenye thamani. Kuendelea kumwachia mtu kazi ambayo tayari anayo hakutoshi. Ohio, kwa mfano, wanasema kunatosha. Lakini hatuko Ohio.

Mama hakuongezewa chochote.

Wakili aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaambatisha stabu na ule mstari mdogo. Kampuni haijajibu mpaka leo. Yeye anasema mara nyingi huishia hivyo. Hiyo barua ya kwanza ilikuwa geresha.

Tulipompigia yule mwajiri mpya wa Fargo, nafasi ilikuwa imejazwa.

Batili haina mdomo

Sasa mniruhusu nikae hapa kidogo, maana hapa ndipo pananiuma.

Ukiihesabu vizuri, sheria ilikuwa upande wa Mama kila tulipogeuka. Fargo ilikuwa upande wake. Minnesota ya zamani, kwa sababu ya tarehe 12 na tarehe 22, ilikuwa upande wake. Minnesota mpya ingekuwa upande wake kama angesaini miezi 16 baadaye. Na bado kazi ikampita, kwa sababu hakuna hata moja kati ya sheria hizo iliyomfikia jikoni kwake kabla ya barua.

Kilichomzuia hakikuwa kifungu cha sheria. Kilikuwa bahasha yenye nembo ya ofisi ya mawakili.

Watafiti waliowahoji wafanyakazi nchi nzima mwaka 2014 walikuta kwamba katazo hili limo kwenye mikataba ya California karibu kwa kiwango kilekile cha majimbo mengine, ilhali California haijalitambua tangu karne ya 19. Waajiri wanajua ni batili, au mawakili wao wanajua. Wanaliandika vilevile. Mfanyakazi anayesoma haendi mahakamani kuuliza. Anakaa alipo, anameza mate, anaendelea na zamu za usiku.

Zamani nilikuwa naiona njia ya "kiasi" kuwa ya busara kuliko njia ya kufuta kabisa. Kila kesi na mambo yake, mwache jaji apime. Ndivyo Kenya inavyofanya kwa sheria yao, Sura ya 24, na ndivyo Texas inavyofanya. Sasa naona kasoro yake: mizani ya jaji inataka jaji, na jaji anataka wakili, na wakili anataka pesa ambayo mtu wa dola 18 kwa saa hana. Tena majimbo mengi yanamruhusu jaji, na Texas inamwagiza kabisa, akikuta katazo limevuka mpaka, alipunguze tu lifike linapokubalika. Basi mwajiri ana sababu gani ya kuandika miezi 6 wakati akiandika miaka 3 hatari yake kubwa ni kurudishwa kwenye miezi 6?

Lakini njia ya kufuta kabisa nayo, kama ya North Dakota, ina ububu wake. Imesema batili, ikanyamaza.

California walilitambua hilo wakalifanyia kazi. Tangu 1 Januari 2024, kuliweka tu katazo hilo kwenye mkataba ni kosa, na waajiri walipewa mpaka tarehe 14 Februari mwaka huo wawaandikie wafanyakazi wao, pamoja na waliokuwa kazini baada ya 1 Januari 2022 hata kama wameshaondoka, kuwaambia kwamba kile kifungu hakina nguvu. Barua, kwa mtu, kwa jina lake. Jimbo la Washington kwa upande wao walitoza bei: mwajiri akishindwa mahakamani, au hata jaji akilazimika kulipunguza katazo lake, anamlipa mfanyakazi dola 5,000 au hasara yote aliyoipata, ile iliyo kubwa zaidi, na gharama za wakili juu.

Barua na bei. Ndiyo mambo mawili yaliyokosekana kwenye hadithi ya Mama.

Kifungu kilichovuka bahari

Hapa naomba mnivumilie, hili nimelipenda mno kuliacha.

Ile sentensi ya North Dakota haikutungwa Dakota. Iliandikwa na tume ya mwanasheria wa New York aitwaye David Dudley Field, aliyetaka sheria zote za jimbo lake ziwekwe kwenye kitabu kimoja. Rasimu ya sheria ya madai ilikamilika mwaka 1865. New York wakaikataa. Dakota, iliyokuwa bado eneo tu lenye watu wachache, wakaichukua mwaka 1866, na California wakaifuata mwaka 1872. Mwaka huohuo wa 1872 Waingereza walikuwa wanatunga Sheria ya Mikataba ya India, wakaiazima sentensi hiyohiyo, wakaipa nambari 27.

Sheria ya India ikaja kwetu na watawala. Tanganyika ilipotunga ya kwake mwaka 1961, hii tunayoiita leo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu hicho kilibaki, na nambari yake ni 27.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nimekaa Fargo miaka mingi nikidhani sheria za hapa na za nyumbani hazijawahi hata kusalimiana. Kumbe juu ya jambo hili Fargo na Kigoma wamekunywa kisima kimoja, wakati Moorhead, ng'ambo ya mto, ilikuwa inakaa na Nairobi.

New York yenyewe, nyumbani kwa Field? Desemba 2023 Bunge la jimbo lilikuwa limeshapitisha muswada wa kufuta makatazo haya. Gavana Kathy Hochul akaukataa.

Mwenye kampuni naye anakula nini

Nina rafiki Mrundi ana kampuni yake ndogo ya kutunza wazee, wafanyakazi hawafiki 20. Nilimsimulia kisa hiki nikitarajia atikise kichwa nami. Hakutikisa.

"Wewe unaona mama wa watu," akaniambia. "Mimi naona mfanyakazi niliyemlipia mafunzo, nikamlipia alama za vidole, nikamtambulisha kwa familia ya mteja. Baada ya miezi 3 mfanyakazi na mteja wameondoka pamoja. Mimi nabaki na bili."

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya nilikuwa nalo. Kampuni yake ikianguka, wanaopoteza kazi ni akina mama walewale.

Lakini ukimsikiliza vizuri, analolalamikia si kushindana. Ni kuchukuliwa mteja, na kupoteza pesa za mafunzo. Hayo yana makatazo yake mengine. Minnesota ya sasa bado inamruhusu kumkataza mfanyakazi kuwafuata wateja wake, na inamruhusu kulinda siri. Asichoruhusiwa, tangu Julai 2024, ni kumfunga mteja: hawezi kuiandikia familia ya mzee kwamba wasimwajiri mhudumu aliyeletwa na kampuni. North Dakota ni wakali zaidi, mahakama yao iliamua mwaka 2001 kwamba hata kumkataza mfanyakazi kuwafuata wateja kunaangukia kwenye kifungu kilekile. Hilo lilinishangaza, na sina hakika nakubaliana nalo.

Kuhusu mafunzo, nilimwonya. Naona mtindo mpya unaokua mahali pa ule wa zamani: mkataba haukukatazi kuondoka, unakudai tu "gharama za mafunzo" ukiondoka kabla ya muda. Wauguzi wanaoletwa kutoka ng'ambo wanaujua vizuri. Mlango umeachwa wazi, ila umewekewa deni kizingitini. California wameupiga marufuku karibu wote kwa mikataba ya kuanzia 1 Januari 2026.

"Kwa hiyo unataka nifanye nini?" akaniuliza.

Nikamwambia awalipe dola 1 zaidi kwa saa. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, halafu akacheka, halafu akaniambia nimnunulie chai.

WhatsApp ilisema imefutwa

Jambo moja Mama alilisema mwanzoni kabisa nami nikalipita. Alisema alisikia kwenye kundi la WhatsApp kwamba serikali imeshafuta mambo haya nchi nzima, ndiyo maana aliacha kazi bila wasiwasi.

Hakuwa amedanganywa kabisa. Tarehe 23 Aprili 2024 FTC ilipitisha kanuni ya kufuta makatazo ya kushindana Marekani yote, ianze kazi tarehe 4 Septemba. Wiki 2 kabla ya siku hiyo, jaji wa shirikisho huko Dallas akaitupa, akisema Tume haina mamlaka ya kutunga kanuni kama hiyo. Tume ikakata rufaa, uongozi ukabadilika, na Septemba 2025 ikaiacha rufaa yenyewe. Habari ya kwanza ilifika kwenye kila kundi la wahamiaji ninalolijua. Habari ya pili haikufika.

Kwa hiyo mambo yamerudi majimboni, na majimbo yanavutana. Mwaka huohuo wa 2025 Texas iliwapunguzia mzigo madaktari na wauguzi: katazo lisizidi mwaka 1 wala maili 5. Florida ikaenda upande wa pili, ikaruhusu waajiri kuwafunga wenye mishahara mikubwa mpaka miaka 4. Mtu akiniuliza leo "sheria inasemaje", namuuliza kwanza alisaini lini, alikuwa wapi, na stabu yake ya kwanza ya mshahara iko wapi.

Mama amepata kazi nyingine, West Fargo, mshahara pungufu kidogo na ule uliompita. Binti wa dada yake bado yuko Moorhead. Mwezi uliopita aliwaandikia ofisi ya wafanyakazi kwa heshima zote, akawaomba wamwandikie mistari miwili kwamba ukurasa wa 7 haumhusu. Sheria ya Minnesota haiwalazimishi kuandika barua kama hiyo. Walimjibu siku hiyohiyo: fomu hiyo ni moja kwa wafanyakazi wote.